Sahihi Niliyomwekea Mdogo Wangu

Namba ya kitambulisho cha mdogo wangu naikumbuka kuliko yangu. Tangu mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyemjazia fomu zote: za mbolea ya serikali, za bima ya matibabu, za shule ya watoto wake. Yeye hapendi karatasi. Anapenda trakta, anapenda ng'ombe, na kwa miaka mingi alipenda sigara kuliko chakula. Kila nilipompigia simu kule Tongaren kumwambia kuna fomu fulani imetoka, jibu lake lilikuwa lile lile: "Si uniandikie tu, dada." Nikamwandikia. Sahihi yake ni herufi moja yenye mkia mrefu, na nilijifunza kuuvuta mkia ule hadi hata karani wa benki asingeweza kututofautisha.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nilichezwa na watu wajanja tu. Nilichezwa, ndiyo. Lakini mkono uliofanya kazi ulikuwa wangu.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nilifanya kazi katika idara ya mizani na vipimo mjini Kitale mpaka nikastaafu, na soko zima lilinijua kwa kupiga teke gorogoro. Gorogoro, kwa asiyeijua, ni lile kopo la kilo mbili tunalopimia mahindi. Kulikuwa na wauzaji waliokuwa wakiligonga kitako kwa nyundo kikaingia ndani, mnunuzi akaenda nyumbani na kilo moja na kitu huku akiwashukuru. Nikiliona kopo la namna hiyo nilikuwa nalipiga teke mbele ya mwenyewe, kisha ndiyo namwandikia faini. Nilipostaafu, akina mama wa soko wakanifuata nyumbani, wakasema nisikae bure, niwaongozee kikundi cha kutetea wanunuzi. Hatukuwa na ofisi. Tulikutana nyuma ya duka la nafaka, tukikalia magunia, na anayechelewa alisimama.

Vepu, hizi sigara za betri, zilitukuta hapo hapo kwenye magunia. Alizileta mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana, mwanachama wetu, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo alimwaga mfuko mzima juu ya gunia: vijiti vya rangi rangi, vingine vinene kama kalamu za ubaoni, vingine vidogo kama betri ya tochi, vyote vikinukia embe na chingamu. Alikuwa amevitoa kwenye masanduku ya wanafunzi.

"Hizi ni za muhula huu peke yake," akasema. "Na msichana mmoja nilimkuta ameanguka chooni."

Tukavipitisha mkono kwa mkono. Nilivaa miwani, nikawa nageuza kimoja baada ya kingine nikitafuta maandishi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Vingine vilikuwa na Kichina. Vingine vilikuwa na picha ya tunda, basi. Hakuna hata kimoja kilichosema mle ndani mna nikotini kiasi gani.

Mwalimu mkuu alitaka tudai zipigwe marufuku kabisa, na nusu ya kikundi wakampigia makofi. Mimi nikakataa. Nilikataa kwa sababu ya mdogo wangu.

Yeye alianza sigara akiwa bado anaendesha trakta za watu, na hakuna aliyemweza: si mama, si mke wake, si kikohozi. Halafu akanunua vepu katika kibanda cha vifuniko vya simu hapa Kitale, na siku ya ibada ya kumkumbuka mama, tukiwa tumeketi nje na wageni, akaniinamia sikioni. "Dada, niko na wiki mbili sijagusa sigara." Nilipiga vigelegele. Nilisimama pale pale nikawatangazia wageni wote, na Jumapili iliyofuata nikatoa ushuhuda kanisani. Kuanzia hapo kila mtu aliyewahi kuketi karibu nami alijua kwamba mdogo wangu ameacha sigara, na mdogo wangu hakubisha.

Miezi michache baadaye akalazwa hospitalini Kimilili. Alikuwa amenunua vepu nyingine, yenye picha ya embe, akaivuta asubuhi moja shambani akaanza kutapika, moyo ukimwenda mbio hadi akashindwa kushika usukani. Daktari alituuliza swali moja: kilikuwa na nikotini kiasi gani? Mke wake akatazama sakafu. Nami nikakigeuza kile kijiti mkononi, mimi mtu wa vipimo, nikaona ile picha ya embe tu. Mtu anamwuzia mwenzake kitu cha kuingiza mapafuni na hajui mna nini, wala hataki kujua! Unga wa ugali wenyewe umeandikwa uzito na tarehe.

Kwa hiyo nilipowaambia wenzangu tusidai marufuku bali lebo, nilikuwa na mgonjwa wangu wa kuonyesha. Niliwaambia watoto wasiuziwe kabisa, hilo halina mjadala. Lakini wapo watu wazima ambao kitu hiki kimewatoa kwenye sigara, na mmoja ni damu yangu. Tusiwarudishe walikotoka. Mtu mzima aambiwe anavuta nini, kisha achague.

Mwalimu mkuu alianza kuvirudisha vijiti mfukoni. "Kama ndugu yako ameacha kweli," akasema, "basi nitakubaliana na wewe."

"Ameacha kweli," nikajibu, na wengine wakafuata.

Rasimu ya kanuni za serikali kuhusu vepu ilipotoka, kifungu tulichokitaka kilikuwemo. Kilikuwa na mistari minne tu: kila kifaa kiandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza kiwango cha nikotini na vitu vilivyomo, na mwuzaji asajiliwe ili mtu akiumia ajue pa kwenda. Nilikisoma jikoni mara tatu huku uji ukimwagika. Kikao cha kukusanya maoni ya umma kingefanyika Bungoma, na kikundi chetu kikapewa dakika tano kama wawakilishi wa watumiaji. Maisha yangu yote nilikuwa nimepigana na kopo moja moja. Sasa kulikuwa na mistari minne ambayo ingewalinda watu nisiowajua, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haifutwi.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo tulialikwa hotelini, hapa hapa Kitale. Aliyetualika alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye Kiswahili kitamu cha kuazima pwani, aliyejiita mwelimishaji wa watumiaji. Alituambia kwamba anataka kutusikiliza. Sijui kwa nini sikushtuka. Katika miaka yangu ya kazi hakuna mfanyabiashara aliyewahi kunialika ili anisikilize. Chai ilikuwa ya maziwa, sambusa zilikuwa za nyama hasa, na katikati ya chai ikapita karatasi.

Kwetu karatasi ikipita, unaandika. Kwenye matanga, kwenye baraza la chifu, kwenye kikao cha wazazi shuleni, karatasi ikikufikia unaweka jina, namba ya kitambulisho, simu na sahihi, kisha unamsukumia jirani. Kuikataa ni kama kumnyima mtu mkono wa salamu. Na mtu wako asipokuwepo, unamwandikia. Hiyo ndiyo adabu yetu: jina lake lisikosekane, asije akasemwa kwamba wenzake walifika naye akabaki nyumbani. Nimeandikia majirani kwenye vitabu vya rambirambi vya watu ambao hawakuwafahamu hata kwa sura, na wao wakanishukuru.

Mimi nilikuwa wa tatu. Nikaandika jina langu. Kisha nikawaza kwamba katika ukumbi mzima hakuna mtumiaji hasa kuliko mdogo wangu, na haifai akose. Alikuwa Tongaren akipalilia mahindi. Sikumpigia simu. Nikamwandika wa nne, namba ya kitambulisho ikatoka yenyewe, nikauvuta ule mkia wa herufi yake, nikarudi kwenye sambusa.

Karatasi ile haikuwa na kichwa. Sikuliona hilo. Mimi niliyetaka kila kijiti kiandikwe kilichomo, nilisaini ukurasa wenye mistari mitupu, vidole vikiwa na mafuta.

Ukumbi wa Bungoma ulijaa kabla ya saa tatu asubuhi. Walikuwepo walimu, wenye vibanda, waendesha bodaboda walioacha pikipiki zao nje kwa safu, na mbele kabisa, upande wa dirisha, wakili wa wauzaji na yule mwanamke nadhifu wa Kitale. Alinipungia mkono. Mdogo wangu alikuwa ametoka Tongaren alfajiri, amevaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimempa maagizo kwenye simu, nikayarudia tulipoketi.

"Wewe ukae tu. Nikikutaja, simama watu wakuone. Huna haja ya kusema kitu."

"Nisimame tu?"

"Usimame tu."

"Sawa, dada," akasema, akawa anaangalia viatu vyake.

Mlangoni kila mtu alikuwa amepewa bunda la karatasi, maoni yote yaliyokwisha kutumwa. Nikaanza kulipekua kwa kuua muda. Kulikuwa na barua ya wazazi, kulikuwa na ya wauguzi, kisha nikafungua ukurasa ulionifanya nione giza. Nitayaeleza kwa ufupi yaliyoandikwa: sisi watumiaji wa Kitale tumetumia bidhaa hizi bila madhara yoyote, lebo inayopendekezwa itawatisha watu bure, tunaomba kifungu hicho kiondolewe. Chini yake kulikuwa na majina arobaini na moja. La tatu langu. La nne la mdogo wangu, na ule mkia.

Nililifunika bunda kwa mkoba.

"Kuna nini?" mdogo wangu akauliza.

"Hakuna."

Kwanza nilitafuta pa kupenyea. Nikinyamaza, kifungu kitafutwa, na kitafutwa kwa jina letu: watumiaji wenyewe wamekikataa, tufanye nini? Nikisema tulidanganywa, wataniuliza ushahidi, na wale wengine wote wako Kitale sokoni, hakuna hata mmoja wa kusimama nami isipokuwa mwalimu mkuu, na siku ya hotelini yeye alikuwa shuleni. Niligeuza mawazo hivi na vile. Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Namba nne hakuwepo. Nikithibitisha kwamba mtu asiyekuwepo yuko kwenye orodha, orodha yote imeoza. Lakini nikisema hakuwepo, wataniuliza ni nani aliyemwandika, na mwenyewe ameketi kando yangu, koti limepigwa pasi, akisubiri kusimama.

Zamu zilikwenda polepole. Kila mtu aliyeitwa alianza kwa kumshukuru Mungu na mwenyekiti, na kila shukrani ilinikereketa. Mdogo wangu alitoka nje mara mbili, akasema anapunga hewa, na aliporudi alinukia peremende. Nilimwonea wivu kwa kuweza kutoka. Mwalimu mkuu, aliyeketi safu ya mbele, aligeuka akanitabasamia. Yeye alikuwa amelipokea bunda lake akaliweka chini ya kiti bila kulifungua.

Kisha akaitwa wakili. Alikuwa kijana mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha. Hakubishana na lebo hata kidogo. Alifungua bunda, akasoma ule ukurasa kwa sauti nzuri, akasema: "Mwenyekiti, sisi hatuna la kuongeza. Ni nani anayejua maslahi ya watumiaji kuliko watumiaji? Hawa hapa, arobaini na mmoja, na vitambulisho vyao." Nikamwona mwalimu mkuu akiinama kuchukua bunda lake chini ya kiti. Akatafuta ukurasa, akasoma, akageuka tena. Safari hii hakutabasamu.

"Wawakilishi wa watumiaji, Kitale," mwenyekiti akaita. Alikuwa mzee mwembamba aliyeandika kila kitu kwa mkono.

Nikaenda hadi kwenye kipaza sauti.

"Mwenyekiti," nikasema, "ile karatasi si maoni yetu."

"Mama, jina lako limo?"

"Limo. Namba tatu."

"Na sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasubiri wamalize. "Ulisaini bila kusoma?"

"Hakukuwa na cha kusoma, mzee. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio. Haikuwa na kichwa, haikuwa na neno. Hayo maneno yaliwekwa juu yake baadaye."

Wakili akasimama taratibu. "Mwenyekiti, mtu yeyote akibadilisha mawazo anaweza kusema karatasi haikuwa na kichwa. Mama alikuwa mfanyakazi wa serikali katika vipimo. Ana ushahidi?"

Hapo ndipo nilipotamani ukumbi uporomoke. Nilimtazama yule mwanamke nadhifu. Alikuwa akiandika kitu kwenye simu, hana wasiwasi hata kidogo. Na kusema kweli, hicho ndicho kilichonisukuma. Si ujasiri. Ni hasira.

"Namba nne hakuwepo Kitale siku hiyo," nikasema.

"Umejuaje?" mwenyekiti akauliza.

"Alikuwa Tongaren anapalilia. Ni mdogo wangu wa tumbo moja."

"Basi ni nani aliyeweka sahihi yake?"

Nilisikia pikipiki moja ikiwashwa nje. Nilimsikia mtu akikohoa, na kikohozi kile nilikijua.

"Ni mimi," nikasema.

Ukumbi ulivuma. Wakili hakupaza sauti, alisema tu kwa upole, kana kwamba ananionea huruma, "Kwa hiyo mama anakiri kughushi." Mwenyekiti akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama, unajua hilo ni kosa?"

"Najua."

"Mwenyewe anajua ulimwandika?"

"Hajui. Anasikia sasa hivi. Yuko pale."

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia kiti kikisogea, kisha viatu. Nilikuwa nimemwambia asimame tu, lakini yeye alikuja hadi mbele, akasimama upande wa pili wa kipaza sauti, akaangalia meza ya mwenyekiti na si mimi.

"Uliweka sahihi kwenye karatasi hii?" mwenyekiti akamwuliza.

"Hapana, mzee. Hata hiyo karatasi sijawahi kuiona."

"Unakubaliana na yaliyoandikwa?"

"Ati bila madhara?" Akatikisa kichwa. "Mimi nililazwa Kimilili siku nne. Nani ameandika hiyo, bana?"

Watu wakapiga makofi. Nikapumua. Nilidhani yameisha, nikanyoosha mkono nimguse begani arudi kwenye kiti. Akausogeza mkono wangu, si kwa ukali.

"Lakini pia vile dada anasema, si vile iko," akasema. "Yeye huambia watu niliacha sigara. Sikuacha. Niliacha wiki mbili. Wiki ya tatu nikarudi. Sasa navuta zote, sigara na hii kitu ya betri. Hata leo, hapa nje, nimetoka mara mbili."

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Alikuwa ameshasema kanisani."

Ukumbi ulicheka kwa kishindo, halafu kicheko kikakatika, labda kwa sababu yeye hakuwa akicheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mita moja kutoka kwake, na uso ulikuwa ukiniwaka. Niliona aibu ya sahihi, ndiyo, lakini hii nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka mzima nilikuwa nimembeba mdogo wangu kama kielelezo, nikamweka mbele ya akina mama, mbele ya mchungaji, mbele ya mwalimu mkuu, na mwaka mzima alikuwa anakula peremende.

Mwenyekiti akachukua tena kalamu. "Wewe mwenyewe unataka nini kuhusu kifungu hiki cha lebo?"

"Nataka iandikwe. Ile siku niliugua, nilikuwa nimevuta sigara mbili, nikaongeza ile ya embe juu yake. Sikujua ni kali hivyo. Ningejua singevuta." Akafikiri kidogo. "Na iandikwe kama inasaidia mtu kuacha ama haisaidii. Yule wa kibanda aliniambia ndani ya mwezi nitakuwa nimeacha. Mimi nilimwamini. Nikadhani shida ni mimi, wengine wanaacha, mimi tu ndiyo nimeshindwa."

Mwenyekiti aliyaandika yote hayo, neno kwa neno, na ilichukua muda. Wakili alikuwa ameketi. Kisha akasoma uamuzi wake wa siku. Ule ukurasa utawekwa kando mpaka kila aliyetajwa aulizwe mwenyewe. Kifungu kinabaki kwenye rasimu. Akanigeukia.

"Mama, siwezi kukuandika kama mwakilishi wa mtu yeyote leo. Kikundi chako kilete mwingine. Na hili la sahihi, mwenyewe aseme kama ana malalamiko ya kupeleka polisi."

Macho yote yakahamia kwa mdogo wangu.

"Sina," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeinuka. Alipita mbele yangu, akanyoosha mkono, nikampa karatasi yangu ya dakika tano. Nilijua ana sababu zote za kuitupa na kudai marufuku aliyoitaka tangu mwanzo. Alikubali lebo kwa sharti kwamba mdogo wangu ameacha kweli, na sharti hilo ndilo lililokuwa limevunjika mbele ya watu. Alivaa miwani. Akaisoma kwa sauti ile ile ya upole, mstari kwa mstari: watoto wasiuziwe, mtu mzima aambiwe. Alipofika kwenye sentensi inayomhusu mdogo wangu, aliiruka, akaendelea na inayofuata. Nilisimama nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, nikisikiliza maneno yangu yakitoka kinywani mwa mtu aliyeaminika.

Nilipotoka nje, jua lilikuwa kali na waendesha bodaboda walikuwa wameanza kuwasha pikipiki. Nilimkuta mdogo wangu kwenye ngazi za upande, koti amelikunja begani. Alikuwa anavuta sigara. Aliponiona, mkono wake ulianza kuishusha, kisha akaurudisha, akaendelea kuvuta.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na msamaha tayari, na nyuma ya msamaha, nakiri, kulikuwa na mahubiri, na nyuma ya mahubiri jina la daktari mmoja wa kifua ninayemfahamu Kitale, ambaye ningeweza kumpigia simu saa ile ile na kumwekea mdogo wangu miadi. Simu ilikuwa imeshaingia mkononi. Nikairudisha kwenye mkoba, nikakaa kwenye ngazi.

"Unavuta ngapi kwa siku?" nikamwuliza.

Alinitazama kwanza, kuona kama nina kalamu.

"Unataka ya ukweli, ama ile ya kanisani?"

"Ya ukweli."

Akaniambia. Zilikuwa nyingi kuliko alizokuwa akivuta kabla ya kununua ile vepu ya kwanza. Nilitaka kulia, nikajizuia. Alipoona sijapaza sauti, akaketi kando yangu, akaanza kunieleza tangu mwanzo.